Vifaa vya kubeba kwa matengenezo ya baiskeli njiani, Dodoma hadi Iringa

Mkulima wa Zabibu, Dodoma

Ndugu wasomaji, nawasalimu nyote.

Mimi na binamu yangu tunakusudia kusafiri kwa baiskeli kutoka Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera, mara mvua zitakapokatika. Umbali ni karibu kilomita 260, barabara ni ya lami, na Mtera ipo karibu katikati ya njia, ambako tumepanga kulala. Chakula, maji na malazi tumeshavitafakari. Kinachonisumbua ni mfuko wa vifaa vya matengenezo, kwa sababu kila ninayemuuliza ananipa jibu linalopingana na la mwenzake.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, ina magurudumu ya inchi 26, gia 21 na breki za waya. Binamu yangu anatumia baiskeli nyeusi ya kazi, ile ya 28, yenye breki za fito, keria kubwa na stendi ya miguu miwili. Muuzaji wa duka moja alinishauri ninunue kifaa kimoja cha kukunja chenye funguo nyingi ndani yake, akaniambia kwamba nikiwa nacho sihitaji kingine. Niliomba kukijaribu kwenye baiskeli zote mbili: kilishika skrubu zangu nyingi, lakini kwenye nati za magurudumu ya binamu yangu hakuna upande wowote uliofaa. Fundi wa mtaani kwetu naye ananiambia kwamba nichukue pampu peke yake, kwa kuwa mafundi wapo kila kijiji.

Naomba kufahamu mambo mawili. Kwanza, ni vifaa gani hasa vinavyohitajika ili mtu aliyeharibikiwa katikati ya pori aweze kujiokoa mwenyewe? Pili, je, mfuko mmoja unaweza kuhudumia baiskeli mbili zilizo tofauti kiasi hiki, au kila mmoja wetu abebe wake?

Fundi Mstaafu, Tabora

Ndugu Mkulima, hao waliokushauri kila mmoja ana sehemu ya haki. Mafundi wapo kweli, na katika vijiji vyenye soko au mnada utawakuta chini ya mti na pampu yao ya mguu. Hata hivyo, fundi wa namna hiyo huweka akiba ya kile anacholetewa kila siku. Utamkuta na nyundo, spana za baiskeli nyeusi, gololi, solusheni, vipande vya tyubu kuukuu, kotapini na spoku za 28, lakini funguo ndogo za alenki (zile za pembe sita), waya wa gia au kifaa cha kutolea pini ya mnyororo mwembamba si ajabu ukavikosa kwake. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: kwa baiskeli ya binamu yako beba kinachotosha kumfikisha kwa fundi, na kwa baiskeli yako beba kile ambacho fundi hana, hata kama hujui kukitumia vizuri, kwa sababu yeye akikipata mkononi atajua la kufanya.

Kabla ya kununua chochote, zigeuzeni baiskeli zote mbili kichwa chini uwanjani, mpite nati kwa nati na skrubu kwa skrubu, mkiweka kando kila kifaa kinachoshika sawasawa. Kifaa ambacho hakikushika chochote hakina kazi safarini. Katika baiskeli nyingi nyeusi nati za ekseli ya nyuma huwa za milimita 15, ila nati nyingi zimekwisha kubadilishwa kwa zile zilizopatikana dukani, na hazilingani. Ndiyo maana nasisitiza kupima. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, ya inchi nane inaweza kuokoa hali pale spana halisi inapokosekana, lakini huzila kona za nati usipoibana barabara, na nati iliyoviringika njiani ni tatizo kubwa kuliko pancha. Kwa magurudumu tafuteni spana ya pete ya kipimo kamili.

Nikija kwenye baiskeli nyeusi yenyewe, kuna mambo matatu ambayo binamu yako ayafahamu kabla ya kuondoka.

La kwanza ni valvu. Baiskeli hizi zina valvu ya zamani yenye kimpira chembamba kinachovikwa juu ya kijiti chake, na kimpira hicho huoza kwa joto. Upepo ukipungua, msikimbilie kung'oa tairi. Pakeni mate au maji kidogo kwenye mdomo wa valvu; povu likitokea pale, badilisheni kimpira mwendelee na safari. Kipande cha kimpira hicho chenye urefu wa kidole ni chepesi kuliko kitu kingine chochote katika mfuko, na nimeona watu wakisukuma baiskeli kwa mguu masafa marefu kwa kukosa kitu hicho tu.

La pili ni kuziba pancha bila kufungua gurudumu. Kwenye baiskeli yenye stendi, keria, kifuniko cha mnyororo na breki za fito, kulitoa gurudumu la nyuma ni kazi ya kufungua vitu vingi ambavyo baadaye lazima virudi kwa mpangilio ule ule. Fundi mzoefu hafanyi hivyo. Huilaza baiskeli au kuisimamisha kwa stendi, hutoa ukingo mmoja wa tairi, huvuta nje sehemu ya tyubu, huijaza upepo ili ajue inakovujia, huziba na kuirudisha. Mfanye mazoezi ya jambo hili nyumbani hadi mikono izoee. Msasa upitishwe hadi mng'ao wa mpira upotee, solusheni ipakwe eneo lililo kubwa kuliko kiraka, kisha isubiriwe ikauke hadi isishike kidole kwa umajimaji. Watu wengi hubandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi, na kiraka hicho hakifiki mbali.

La tatu ni kotapini, ile pini inayoushikilia mkono wa pedali kwenye ekseli yake. Pedali ikianza kugonga kila inapozunguka, ashuke wakati huo huo. Akiendelea kukanyaga, pini italiwa upande mmoja na mwishowe mkono wa pedali hautashika tena. Kukaza nati yake peke yake hakutoshi, kwa sababu nati huvuta kidogo tu. Pini hugongwa kwanza kwa nyundo au jiwe, huku mkono wa pedali ukiegemezwa chini yake kwa kitu kigumu, kwani ukigonga bila egemeo mshindo wote unakwenda kwenye gololi. Abebe kotapini moja ya akiba iliyokwisha kujaribiwa kwenye tundu lake, maana zipo za unene tofauti na zinafanana sana kwa macho.

Mnyororo wake huunganishwa kwa pingili yenye kibanio. Abebe pingili moja ya akiba, na akumbuke kwamba upande wa kibanio uliofungika ndio unaotangulia mwelekeo wa mnyororo unapokwenda. Ukiwekwa kinyume, kibanio kinaweza kuchomoka kikigusa kitu.

Nyanda za Juu, Iringa

Mzee, shikamoo. Nakushukuru kwa maelezo yako. Naomba niongeze yanayohusu njia yenyewe, kwa kuwa naifahamu.

Kutoka Dodoma kushuka hadi Mtera ni nchi kavu ya migunga na mibuyu, na adui mkubwa pembezoni mwa lami ni mbigili. Mbegu zake zikikauka huwa ngumu, na kwa namna zilivyoumbwa daima huwa na mwiba ulioelekea juu. Mkitaka kupumzika, msiziburute baiskeli hadi kwenye kivuli. Zibebeni mkononi, au zisimamisheni kwenye lami safi mbali na magari. Mkikuta tairi lina miiba mingi, msiing'oe yote kwa pamoja pale pale, kwa sababu baadhi yao ndio wanaozuia upepo usitoke. Mkiwa karibu na kijiji, fikeni kwanza.

Jambo lingine ambalo watu wengi hawalitegemei ni nyuzi za chuma. Matairi ya malori yanapopasuka huacha barabarani vipande vyenye nyuzi nyembamba sana za waya, ambazo huingia kwenye tairi la baiskeli na kubaki ndani bila kuonekana. Mtu huziba tyubu, husafiri mwendo mfupi, kisha hupata pancha mahali pale pale. Kwa hiyo kila mnapotoa tyubu, pitisheni kitambaa chepesi taratibu ndani ya tairi lote, kwani kitanasa kwenye ncha ambayo kidole hakikuihisi, au ambayo ingekichana kidole. Kuitoa nyuzi hiyo kwa kucha haiwezekani. Bebeni kibanio cha kung'olea nyusi au plaizi yenye mdomo mwembamba.

Baada ya Mtera mtapita Migori na Izazi, halafu mtaukabili mlima wa Nyang'oro. Hapo ndipo mnyororo na spoku za nyuma hupata mzigo mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari, na hapo si mahali pa kutegemea kumpata fundi. Nashauri mkague spoku za gurudumu la nyuma mkiwa Mtera asubuhi kabla ya kuondoka, kwa kuzibana mbili mbili kwa vidole. Iliyolegea itajitambulisha yenyewe.

Mwendesha Masafa, Nairobi

Ndugu Mkulima, mimi nitazungumzia baiskeli yako wewe, kwa sababu baiskeli ya gia huharibika kwa namna zake.

Kile kifaa cha kukunja usikidharau. Kwa baiskeli yako kinafaa, alimradi kiwe na alenki za milimita 4, 5 na 6, bisibisi ya nyota na ya bapa, na kifaa cha kutolea pini ya mnyororo. Kama hicho cha mwisho hakimo, kinunue peke yake. Mnyororo ukikatika, unaondoa pingili iliyoharibika na kuunganisha kwa kiungo cha haraka, yaani pingili inayofungwa kwa mkono. Baiskeli yenye meno saba nyuma, yaani vyuma saba vya gia, kama yako, hutumia kiungo sawa na cha mnyororo wa gia sita au nane; cha gia tisa au kumi hakitakufaa, hivyo soma maandishi kwenye pakiti. Mnyororo utakuwa mfupi kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo epuka kuweka jino kubwa la mbele pamoja na jino kubwa la nyuma hadi utakapopata mnyororo mwingine.

Waya wa gia ya nyuma ukikatika, mnyororo utaangukia jino dogo kabisa, na huwezi kuupanda mlima wa Nyang'oro kwa jino hilo. Kama huna waya wa akiba, tafuta skrubu yenye herufi H kwenye kibadilisha gia cha nyuma, ikaze taratibu huku ukizungusha pedali, na mnyororo utasogea kwenye jino lililo kubwa zaidi. Ikiwa skrubu haifiki, sukuma kibadilisha gia kwa mkono na uweke kijiti kigumu kukizuia kisirudi. Lakini waya ni kitu chepesi mno. Beba mmoja wa gia na mmoja wa breki, na kabla ya kununua linganisha vichwa vyao na vya zamani, kwa sababu havilingani katika kila baiskeli.

Spoku zikikatika, mara nyingi huwa ni za nyuma upande wa kulia, penye friwili, lile fungu la meno ya gia, na upande huo ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa spoku mpya haiingii mpaka friwili itolewe. Kuitoa kunahitaji kifaa maalumu pamoja na spana kubwa, na sishauri mtu abebe spana hiyo kwa safari ya kilomita 260. Izungushie spoku iliyokatika kwenye jirani yake ili isipigepige, kisha kwa spana ya spoku legeza nusu mzunguko zile mbili za upande wa kushoto zilizo karibu nayo. Rimu itarudi karibu na katikati. Kama bado inagusa raba za breki ya nyuma, legeza breki hiyo kiasi, uende polepole ukitegemea breki ya mbele. Spana ya spoku ina vipimo mbalimbali, na isiyolingana huharibu vichwa vya spoku mara moja, hivyo ijaribu nyumbani kama mzee alivyoelekeza.

Pedali pia zisisahaulike. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na ile ya kulia. Nimekuta pedali za kushoto zilizoharibiwa kabisa na watu wenye nguvu waliokuwa wakilegeza huku wakiamini kwamba wanakaza.

Pedali Nyeusi, Shinyanga

Kwetu huku mbigili ni wengi, na dawa tunayoitumia haiingii kwenye mfuko kabisa. Tunachukua tairi kuukuu lililolika, tunakata kingo zake zenye waya, na utepe unaobaki tunaulaza ndani ya tairi zima, kati ya tairi na tyubu. Mwiba hukutana na tabaka mbili. Ndugu Mkulima akifanya hivyo kwa magurudumu yote manne, viraka vichache vitamtosha.

Fundi Mstaafu, Tabora

Ndugu yangu wa Shinyanga, njia hiyo ni nzuri na hata mimi nimewafanyia wateja wengi, ila ina masharti. Kingo za utepe lazima zichongwe ziwe nyembamba na laini, vinginevyo zitaisugua tyubu hadi itoboke, na tundu la namna hiyo ni baya kwa sababu huwa refu na halizibiki kirahisi. Paka poda ya mtoto kati ya tyubu na utepe. Vilevile gurudumu linakuwa zito, na katika mlima mzito kama ule aliouelezea ndugu wa Iringa, uzito huo utahisiwa na aliyebeba mzigo. Ningefanya hivyo kwa magurudumu ya nyuma tu.

Mkulima wa Zabibu, Dodoma

Nawashukuru sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza na nimesoma maandishi ya pembeni mwa matairi. La kwangu limeandikwa 26 x 1.95, na valvu yangu ni nene kama ya gari. La binamu yangu limeandikwa 28 x 1½, lenye valvu ya kimpira. Tungependa kupunguza mzigo. Je, tunaweza kubeba tyubu ya akiba ya aina moja itakayotufaa sote? Na pampu moja itaweza kujaza valvu za aina mbili?

Fundi Mstaafu, Tabora

Umefanya vyema kusoma maandishi, kwa maana namba 26 peke yake haitoshi. Tairi lililoandikwa 26 x 1.95 na lile lililoandikwa 26 x 1⅜, ambalo huja na baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani, haviingiliani: la kwanza hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559 na la pili kwenye rimu ya milimita 590. La binamu yako ni la rimu ya 635. Wapo pia wanaouziwa tairi la 28 ambalo kumbe ni la rimu ya 622, ya baiskeli za michezo, nalo halitaingia kwake kwa nguvu yoyote. Hayo ni matairi.

Tyubu ina uvumilivu zaidi kuliko tairi, kwa sababu mpira hunyumbuka. Tyubu yako ya 26 inaweza kuvutwa ikaingia kwenye gurudumu la 28 kwa dharura, na ikamfikisha binamu yako mbali. Kinyume chake hakifai: tyubu ya 28 ikiwekwa kwenye gurudumu la 26 hujikunja, na pale ilipojikunja hupasuka. Valvu ya aina ya gari hupita kwenye tundu la rimu ya baiskeli nyeusi, kwa kuwa valvu hizo mbili hukaribiana unene, ila hakikisheni kwa kuijaribu. Kwa hiyo bebeni tyubu mbili za 26, na tyubu ya 28 binamu yako ataipata kwa wepesi katika maduka ya vijijini, kwani ndiyo inayouzwa zaidi.

Mwendesha Masafa, Nairobi

Kuhusu pampu, tafuta ya mkono yenye kichwa cha matundu mawili, moja pana na moja jembamba. Tundu pana ni la valvu yako. Tundu jembamba limetengenezwa kwa valvu nyembamba za baiskeli za mbio, lakini hushika pia valvu ya kimpira ya binamu yako. Usikubali kuuziwa mpaka uijaze tyubu ya kila aina pale pale dukani hadi iwe ngumu kwa kidole gumba, kwa kuwa pampu nyingi za bei ndogo huanza kuvuja kichwani pindi upepo unapozidi. Ifungeni kwenye fremu kwa vipande vya tyubu kuukuu, ambavyo navyo vitawafaa kwa mambo mengine: kufunga keria iliyovunjika skrubu, au kushikilia kipande cha tairi kuukuu kwenye mpasuko wa pembeni mwa tairi kabla tyubu haijatokeza nje.

Tahadhari moja zaidi. Kwa kuwa valvu yako ni kama ya gari, utashawishika kujaza kwa wale wanaojaza malori kwa mashine. Mashine hizo hujaza kwa kasi ambayo tyubu ya baiskeli haiwezi kuihimili. Mwombe aifungue kwa nukta chache tu, aache, ubonyeze tairi kwa kidole, kisha arudie.